Maneno Madogo ya Kiingereza: Jinsi Vihusishi na Viunganishi Vinavyofunga Mawazo

Sentensi ya Kiswahili "Alionekana na mlinzi usiku wa manane" ina maana mbili. Kwa maana ya kwanza, mlinzi ndiye aliyemwona mtu huyo. Kwa maana ya pili, mtu huyo na mlinzi walikuwa pamoja, na wakaonwa na mwingine. Msikilizaji wa Kiswahili huamua kwa kutazama muktadha. Mfasiri anayeipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza hana nafasi hiyo, kwa kuwa Kiingereza humlazimisha kuchagua. Akiandika "He was seen by the guard", mlinzi ni shahidi. Akiandika "He was seen with the guard", mlinzi huenda akahesabiwa kuwa mshiriki. Tofauti yote imebebwa na neno moja fupi.

Maneno ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa vihusishi na viunganishi. Kihusishi huonyesha uhusiano wa nomino na sehemu nyingine ya sentensi, kama vile mahali, wakati, chombo, chanzo au umilikaji. Kiunganishi hufunga neno na neno, kirai na kirai, au kishazi na kishazi. Katika Kiingereza maneno kama "of", "and", "to" na "in" ni miongoni mwa yale yanayotumika mara nyingi kuliko mengine yote, na msomaji atayakuta karibu katika kila mstari.

Ugumu wake kwa mzungumzaji wa Kiswahili hautokani na umbo wala matamshi. Unatokana na mgawanyo wa kazi. Lugha hizi mbili hueleza mahusiano yaleyale, lakini kila moja huyagawa kwa njia yake. Pale ambapo Kiswahili hutumia neno moja, Kiingereza huweza kutumia matatu. Na pale ambapo Kiingereza huhitaji neno, Kiswahili huweza kutosheka na kiambishi ndani ya kitenzi. Kwa sababu hiyo, kinachofaa kutafsiriwa ni uhusiano, si neno.

Asili ya maneno haya

Maneno mengi madogo ya leo yalianza yakiwa maneno yenye maana pana zaidi. "Because" ni muungano wa "by" na "cause", yaani kwa na sababu. Kiswahili kimefuata njia hiyohiyo kwa uwazi zaidi, kwa kuwa "kwa sababu" bado huandikwa kama maneno mawili na kila moja lingali linatambulika. "While" lilikuwa nomino yenye maana ya kipindi cha muda kabla halijawa kiunganishi. Katika Kiswahili, nomino "wakati" hufanya kazi zote mbili hadi leo. "Mpaka" nalo ni nomino inayotaja ukomo wa eneo, na vilevile ni kihusishi kinachotaja ukomo wa safari au wa muda.

"But" lina historia yenye mafunzo. Katika Kiingereza cha Kale neno "butan" lilikuwa na maana ya "nje ya" au "pasipo". Maana hiyo ya kale imebaki katika sentensi kama "All came but Juma", yaani wote walikuja isipokuwa Juma. Kutoka kwenye kutoa kitu nje ya kundi, neno hilo likaja kutumika kuweka wazo moja dhidi ya jingine. Neno "ila", lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, limepita njia hiyohiyo: mtu husema "Wote walikuja ila Juma", na pia husema "Nilifika, ila sikumkuta".

"With" nalo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa na maana ya "dhidi ya". Alama ya maana hiyo imebaki katika kitenzi "withstand", yaani kuhimili au kupinga, na katika usemi "to fight with". Usemi huo wa mwisho una utata: huweza kumaanisha kupigana dhidi ya mtu au kupigana upande mmoja naye. Kiswahili kina utata unaofanana katika "kupigana na".

"Na" mbele ya "and", "with" na "by"

Neno "na" hufanya angalau kazi tatu ambazo Kiingereza kimezitenganisha.

Kazi ya kwanza ni kujumlisha: "Juma na mwalimu" ni "Juma and the teacher". Ya pili ni kuonyesha uandamani: "Alikuja na mwalimu" ni "He came with the teacher". Ya tatu ni kumtaja mtenda katika kauli ya kutendwa: "Aliitwa na mwalimu" ni "He was called by the teacher". Mwanafunzi anayezoea kulifasiri "na" kwa "and" pekee hukwama katika kazi ya pili na ya tatu.

Kwa upande mwingine, "and" hufanya kazi ambayo "na" haiifanyi vizuri. Katika "He got up, took his bag and left", neno "and" linaonyesha kwamba matendo yalifuatana. Kiswahili sanifu hakihitaji kiunganishi hapo, kwani kiambishi "-ka-" kinatosha: "Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaondoka." Tafsiri inayosema "Aliinuka na alichukua mkoba wake na aliondoka" inaeleweka, lakini mwendo wake ni wa Kiingereza. Hali kadhalika, mtu anayetafsiri hadithi ya Kiswahili hana budi kutafuta "and" au "then" mahali ambapo macho yake hayaoni kiunganishi chochote, kwa kuwa kiunganishi kimo ndani ya kitenzi.

"Of" na a-unganifu

"Of" ndilo neno linaloonekana kulingana zaidi na a-unganifu, yaani "wa", "ya", "cha", "la" na maumbo mengine yanayofuata ngeli. "The door of the house" ni mlango wa nyumba, na mara nyingi mlinganyo huo hufaa. Hata hivyo, kuna mahali pa kuangalia kwa makini.

"Kikombe cha chai" huweza kuwa kikombe chenye chai ndani yake au kikombe kilichotengenezwa kwa ajili ya chai, hata kama ni kitupu. Kiingereza hutenganisha: "a cup of tea" ni chai iliyo kikombeni, na "a teacup" ni chombo. Anayeomba "a teacup" mgahawani huenda akaletewa chombo kitupu.

"Picha ya baba" ina maana zisizopungua mbili. Ikiwa sura iliyo pichani ni ya baba, Kiingereza husema "a picture of my father". Ikiwa picha ni mali ya baba, husema "my father's picture" au "a picture of my father's". Herufi moja na alama ndogo ya ritifaa katika umbo hilo la mwisho zinageuza mhusika kuwa mmiliki.

Wakati mwingine Kiingereza ndicho chenye utata. "The shooting of the hunters" ni mfano unaojulikana sana katika vitabu vya sarufi: haijulikani kama wawindaji walipiga risasi au walipigwa. Kiswahili humaliza utata huo kwa kauli ya kitenzi, yaani "kupiga risasi kwa wawindaji" au "kupigwa risasi kwa wawindaji".

"Kwa", "-ni" na kauli ya kutendea

"Kwa" ni miongoni mwa vihusishi vya Kiswahili vyenye matumizi mengi zaidi, na Kiingereza hukigawa katika vihusishi kadhaa. Kukata kwa kisu ni "with a knife". Kusafiri kwa basi ni "by bus". Kwenda kwa miguu ni "on foot". Kununua kwa shilingi elfu moja ni "for a thousand shillings". Kukaa kwa siku tatu ni "for three days". Kwenda kwa daktari ni "to the doctor". Na kufanya kitu kwa haraka hakuhitaji kihusishi chochote, kwani "quickly" linatosha. Hakuna kanuni moja itakayoyakusanya matumizi haya yote. Yafaa kila moja kujifunzwa pamoja na nomino inayoandamana nalo.

Kiambishi cha mahali "-ni" nacho hukusanya "in", "on" na "at". "Chakula kiko mezani" huwa "on the table", kwa kuwa chakula kiko juu ya meza. "Watoto wako mezani" huwa "at the table", kwa kuwa wamekaa kando yake ili wale. Atakayeandika "The children are on the table" atakuwa amewapandisha watoto juu ya meza.

Jambo kubwa zaidi ni lile la vihusishi vya Kiingereza ambavyo katika Kiswahili vimo ndani ya kitenzi. Kauli ya kutendea hubeba maana ya "to", "for" na nyinginezo. "Alimwandikia mwalimu barua" huweza kuwa "He wrote a letter to the teacher", mwalimu akiwa mpokeaji, au "He wrote a letter for the teacher", mwalimu akiwa amesaidiwa kuandika. Vivyo hivyo, "Alimkimbia baba yake" na "Alimkimbilia baba yake" zinatofautiana kwa silabi moja, lakini maana zake zinakinzana: ya kwanza ni "He ran away from his father", na ya pili ni "He ran to his father". Mfasiri anayepitiwa na silabi hiyo hukosea mwelekeo wa mtoto, na pengine hukosea pia sababu ya mbio zake.

Maneno ya wakati: "by", "until", "for", "since", "in" na "within"

Hapa ndipo makosa huleta hasara inayopimika, kwa kuwa maneno haya hutawala tarehe za mikataba, maombi ya kazi na maagizo ya hospitali.

"By" na "until" mara nyingi hutafsiriwa kwa "hadi" au "mpaka", ingawa yana kazi tofauti. "Until" hutaja hali inayoendelea na kukoma: "The office is open until Friday", yaani ofisi iko wazi hadi Ijumaa. "By" hutaja tendo la mara moja linalotakiwa kukamilika kabla ya ukomo: "Send the form by Friday", yaani fomu iwe imetumwa ifikapo Ijumaa, nayo huweza kutumwa hata leo. Tafsiri "Tuma fomu hadi Ijumaa" humwacha msomaji akidhani anatakiwa kuendelea kutuma. Maneno yanayofaa ni "ifikapo", "kufikia" au "kabla ya kwisha kwa". Pia "until Friday" pekee halisemi waziwazi kama Ijumaa yenyewe imo au haimo, na ndiyo sababu nyaraka makini huongeza maneno ya kulibainisha hilo.

"For" hutaja urefu wa muda, na "since" hutaja mwanzo wake. "For ten years" ni kwa miaka kumi. "Since 2015" ni tangu mwaka 2015. Kosa la kusema "since ten years" hutokana na kusahau kwamba "since" lazima lifuatwe na mahali pa kuanzia kuhesabu.

"In" na "within" hutofautiana kwa namna inayoweza kumgusa mgonjwa. "Come back in 7 days" ni rudi baada ya siku 7 kupita. "Come back within 7 days" ni rudi kabla siku 7 hazijaisha. Maneno "ndani ya siku 7" yanafaa kwa "within" tu. Na "Take this medicine for 7 days" ni meza dawa hii kwa siku 7 mfululizo. Hapo hakuna ruhusa ya kuacha siku ya tatu kwa sababu nafuu imepatikana.

Maneno ya sharti: "if", "whether" na "unless"

Kiswahili hueleza sharti kwa "kama" au "ikiwa", na pia kwa viambishi "-ki-", "-nge-" na "-ngali-". Katika Kiingereza neno "if" halibadiliki. Linalobadilika ni umbo la kitenzi. "If he comes, I will tell him" ni "Akija, nitamwambia". "If he came, I would tell him" ni "Angekuja, ningemwambia".

"If" lina kazi ya pili, yaani kuleta swali lililofichwa ndani ya sentensi, na hapo hukaribiana na "whether". "Let me know if you are coming" huweza kumaanisha "Nijulishe kama unakuja au huji", ambapo jibu linatarajiwa kwa vyovyote. Huweza pia kumaanisha "Ukiwa unakuja, nijulishe", ambapo asiyekuja anaweza kunyamaza. "Whether" huondoa shaka hiyo, nalo ndilo linalofaa katika barua rasmi.

"Unless" lina ukanushi ndani yake. Linalingana vyema na kiambishi "-sipo-": "You will not be admitted unless you pay" ni "Hutaruhusiwa kuingia usipolipa". Kwa kuwa "usipolipa" ni kitenzi kikanushi, wanafunzi wengi huongeza ukanushi mwingine na kuandika "unless you don't pay". Sentensi inayotokea hugeuza amri yote, kwani sasa anayeruhusiwa kuingia ni yule asiyelipa. Kipimo rahisi ni kuliondoa "unless" na kuweka "if" pamoja na "not" moja. Ikiwa maana imebaki ileile, matumizi ni sahihi.

Sababu, kinyume na mfano

"Because" hutaja sababu bila utata. "Since" na "as" hutaja sababu pia, lakini yote mawili hutaja wakati vilevile. "Since she left the office, the work has stopped" huweza kuwa taarifa ya muda au lawama. Kiswahili kinamtaka mfasiri aamue: "Tangu aondoke ofisini, kazi imesimama", au "Kwa kuwa ameondoka ofisini, kazi imesimama". Ya kwanza inataja lini kazi iliposimama, na ya pili inamtaja mwenye kuisababishia kusimama. Anayeandika Kiingereza na kutaka kueleza sababu pekee hana budi kutumia "because".

Katika kueleza kinyume, wazungumzaji wengi wa Kiswahili husema "Ingawa alichelewa, lakini alifaulu". Kiingereza hakikubali jozi hiyo. Ama "Although he was late, he passed", ama "He was late but he passed". Kiunganishi kimoja kinatosha kubeba kinyume chote.

"Kama" la mfano nalo linahitaji uangalifu. "Alizungumza kama daktari" haionyeshi iwapo msemaji ni daktari. "She spoke as a doctor" husema kwamba ni daktari na alizungumza kwa nafasi hiyo. "She spoke like a doctor" hulinganisha tu namna yake ya kuzungumza, na kwa kawaida huashiria kwamba si daktari. Kwa maana ya kwanza Kiswahili kina njia iliyo wazi zaidi: "Alizungumza akiwa daktari" au "Alizungumza kwa nafasi yake ya udaktari".

"Or" mbele ya mahakama

Mfano mashuhuri wa uzito wa neno dogo ni kesi ya madereva wa Oakhurst Dairy, kampuni ya maziwa ya jimbo la Maine nchini Marekani. Sheria ya jimbo hilo iliorodhesha kazi zisizostahili malipo ya ziada kwa saa za nyongeza, na orodha hiyo iliishia kwa maneno "packing for shipment or distribution". Swali lilikuwa moja: neno "or" liliunganisha nini? Kampuni ilisoma kazi mbili, yaani kufungasha na kusambaza. Madereva walisoma kazi moja yenye makusudi mawili, yaani kufungasha kwa ajili ya kusafirishwa au kusambazwa. Wao walisambaza bidhaa bila kuzifungasha. Kwa usomaji wao, basi, walistahili malipo.

Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliona kwamba maneno hayo yana utata na ikaamua kwa upande wa madereva. Mwaka 2018 shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Habari hiyo ilienea kama kisa cha mkato uliokosekana kabla ya "or". Ni kweli kwamba mkato ungesaidia, lakini kilichohitaji kusaidiwa ni kiunganishi chenyewe, ambacho hakikuonyesha mipaka ya vitu kinavyoviunganisha.

Kiswahili kingeweza kuondoa shaka hiyo kwa kauli za vitenzi. "Kufungasha kwa ajili ya kusafirishwa au kusambazwa" ni kazi moja, kwa kuwa vitenzi vyote viwili vya mwisho viko katika kauli ya kutendwa. "Kufungasha kwa ajili ya kusafirishwa, au kusambaza" ni kazi mbili, kwa kuwa "kusambaza" limerudi katika kauli ya kutenda na kulingana na "kufungasha". Hata hivyo, ili aandike mojawapo, mfasiri angelazimika kwanza kujua ni ipi iliyokusudiwa.

Suala hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Tanzania ilirekebisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapohamishiwa Kiswahili, kila "or", "by", "unless" na "of" hudai uamuzi.

Muhtasari wa matumizi

Kabla ya kutafsiri neno dogo, yafaa kutaja uhusiano linaoubeba: je, ni mtenda, mwandamani, chombo, mmiliki, mwanzo, ukomo, sharti au sababu? Uhusiano ukishajulikana, neno la lugha ya pili hupatikana kwa urahisi zaidi.

Neno la Kiingereza likikosa mwenzake katika Kiswahili, lisilazimishwe. Huenda kazi yake inafanywa na kiambishi kama "-ka-", "-ki-", "-sipo-" au "-ni", au na kauli ya kutendea.

Sentensi asilia ikiwa na maana mbili, na lugha inayopokea ikalazimisha moja, mfasiri asibahatishe. Amwulize mwandishi, na ikiwa haiwezekani, aonyeshe maana zote mbili. Mlinzi wa sentensi ya mwanzo ni shahidi au ni mshiriki, na asiyejua ni yupi hana haki ya kuandika "by" wala "with".